Barua ya Wazi: Mashujaa Wetu Wapewe Lindo la Heshima la Kudumu

Kwa Mheshimiwa Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania na Amiri Jeshi Mkuu,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Kwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Naandika nikiwa raia wa kawaida na mtoto wa askari aliyepigana Vita vya Kagera, na ombi langu ni moja. Naomba ndani ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania kianzishwe kikosi kidogo cha kudumu, kisichozidi kombania moja, ambacho kazi yake itakuwa kusimama lindo la heshima kwenye mnara na makaburi ya mashujaa wetu, na kwenda kuwazika kwa heshima za kijeshi askari wastaafu waliokwenda vitani, hata wale wa vyeo vya chini kabisa waliorudi vijijini na kusahaulika huko.

Nianze na mazishi ya baba, maana ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Baba hakupata kuwa na cheo kikubwa. Alivuka mpaka kuingia Uganda na wenzake mwanzoni mwa mwaka 1979, akatembea kwa miguu masafa ambayo mimi huyaona kwenye ramani tu, akarudi nyumbani na viungo vyake vyote. Baada ya kuacha jeshi alilima mahindi na viazi kijijini kwetu mkoani Njombe. Alipofariki, ndugu tulikaa usiku wa matanga tukijadili kama jeshi lipewe taarifa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua taarifa hiyo ipelekwe wapi: kwa mtendaji wa kijiji, kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, au kwenye kambi ambayo nauli ya kufika huko ingemaliza rambirambi zote zilizochangwa. Tukiwa bado tunaulizana, siku ya mazishi ikafika.

Jeneza lilikuwa limekwisha kuwekwa kando ya kaburi pale mzee mmoja, aliyeletwa kwa pikipiki kutoka kijiji cha pili, alipoomba nafasi. Alivaa koti la suti lililochujuka, medali yake ameibana kifuani kwa pini ya kawaida, na ingawa njia nzima ilikuwa matope, viatu vyake alikuwa amevifuta kwa majani kabla ya kuingia uani. Alisimama upande wa miguu ya marehemu, akajipa amri mwenyewe kwa sauti iliyofika hadi kwenye turubai walikokaa kina mama: "Mguu sawa!" Akapiga saluti na kuishikilia muda mrefu, huku mkono ukimtetemeka kwa uzee, kisha akaushusha taratibu, akageuka nyuma na kurudi kukaa na wazee wenzake. Hapakuwa na tarumbeta wala bendera. Gadi nzima ya heshima ya baba yangu ilikuwa mzee huyo mmoja.

Simlaumu mtu yeyote kwa siku ile, kwa kuwa asiyepewa taarifa hawezi kufika. Ninachosema ni kwamba taarifa haikuwa na mahali pa kwenda, na hilo ni pengo ambalo mwenye uwezo wa kuliziba ni ninyi.

Muda nao unakwenda mbio. Majeshi ya Idi Amin yalivamia ardhi yetu kaskazini mwa Mto Kagera Oktoba 1978. Novemba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunazo na nia tunayo, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Kijana aliyekuwa na miaka 20 alipopandishwa lori kwenda mstari wa mbele sasa anakaribia miaka 70, kama hajaivuka. Tukisubiri miaka mingine kumi tukiunda kamati, kikosi ninachokiomba kitaundwa wakati wengi wa waliostahili kuzikwa nacho wamekwisha kuzikwa bila hicho.

Nafahamu kwamba taifa letu halijawasahau mashujaa wake, na Siku ya Mashujaa, Julai 25, ni miongoni mwa siku ninazozipenda kuliko zote katika kalenda yetu. Mwenge wa kumbukumbu huwashwa saa sita usiku wa kuamkia siku hiyo na kuzimwa saa sita ya usiku unaofuata. Asubuhi yake, mbele ya gwaride, Rais huweka mkuki na ngao mnarani, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, Meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wapiganaji wa zamani huweka shoka. Naomba mlitazame tena jambo hili kama mnaolitazama kwa mara ya kwanza. Nchi nyingi huweka maua peke yake. Sisi tumeleta silaha za babu zetu, kila moja kwa mkono wa mtu wake, na mzee aliyeshika bunduki vitani anasogea na shoka mbele ya hadhara yote huku uwanja umetulia kimya. Hakuna aliyetufundisha hayo, ni yetu, na yanapendeza.

Lakini Julai 26 viti vinakunjwa, maturubai yanapakiwa kwenye malori, na mnara unabaki na mkuki, ngao, sime na maua yanayoanza kunyauka. Gadi zilizopita uwanjani zilitoka katika vikosi mbalimbali, na askari wanarudi kwenye vikosi hivyo. Mtoto wa shule atakayepelekwa hapo Septemba na mwalimu wake ataonyeshwa jengo la saruji, ambapo mwaka mzima angeweza kuonyeshwa askari aliyesimama wima mbele ya mnara, na akaelewa yote bila mwalimu kusema neno.

Upo pia udhaifu mwingine katika kuitegemeza heshima kwenye sherehe kubwa peke yake. Sherehe huahirishwa na hufutwa, na mara nyingine kwa sababu njema kabisa. Mwaka 2015 Rais John Magufuli aliagiza sherehe za Uhuru zisifanyike, siku hiyo itumike kufanya usafi, na shilingi bilioni 4 zilizotengwa ziende kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alielekeza fedha za maadhimisho ya Desemba 9 zijenge mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Maamuzi yote mawili niliyaunga mkono, na ningeyaunga mkono tena leo. Ila yalinionyesha kwamba heshima inayosubiri bajeti ya viti, mahema na usafiri wa maelfu ya watu itakuwepo mwaka huu na mwakani isiwepo. Askari wawili mbele ya mnara hawahitaji mahema. Wanahitaji sare iliyopigwa pasi, buti zilizong'arishwa, kibanda cha kujikinga na mvua, na wenzao wa kuwapokea lindo zamu ikiisha.

Nchi nyingine zimekwisha kulifanya jambo hili, na kuna mengi ya kujifunza kwao, ya kuiga na ya kuepuka. Kwenye makaburi ya Arlington, ng'ambo ya mto kutoka Washington, kaburi la askari asiyejulikana limelindwa usiku na mchana bila kukatizwa tangu mwaka 1937, na tangu 1948 kazi hiyo imekuwa ya kikosi cha tatu cha askari wa miguu cha Marekani. Mlinzi hupiga hatua 21, husimama sekunde 21 akilitazama kaburi, kisha huanza tena, kwa hesabu ya mizinga 21. Mvua ikinyesha anatembea, theluji ikianguka anatembea. Mjini Athens, askari wa Gadi ya Rais wa Ugiriki husimama mbele ya kaburi la askari asiyejulikana lililoko mbele ya jengo la Bunge, wamevaa viatu vizito vilivyopigiliwa misumari soli nzima, na siku za Jumapili na sikukuu sketi nyeupe ya mikunjo 400, na kila saa hupokezana kwa mwendo wa pole sana, mguu ukiinuliwa juu na kukaa hewani kabla ya kushushwa. Nchini Senegal, walinzi wa Ikulu ya Dakar waliovaa nyekundu wamekuwa sehemu ya sura ya mji wenyewe. Kila taifa limevaa cha kwake, nami ningesikitika sana kama siku moja tungewavika vijana wetu kofia za manyoya ya dubu katika jua la Dodoma kwa sababu tu London wanazivaa.

Ila jambo la Marekani lililonigusa zaidi halipo Arlington. Tangu mwaka 2000, kwa mujibu wa sheria, familia ya askari wa zamani aliyeacha jeshi kwa heshima ikiomba, jeshi hupeleka mazishini askari wasiopungua wawili wenye sare. Wanakunja bendera, wanaikabidhi kwa mjane au mtoto, na wimbo wa maombolezo unapigwa. Hawaangalii kama marehemu alikuwa jenerali au mpishi wa kambi. Askari wawili, bendera moja na tarumbeta moja ni gharama ambayo nchi yetu inaimudu, hata tukianza na waliopigana vita peke yao.

Naijua hoja itakayoletwa kwanza mezani, kwamba jeshi ni la kupigana na askari wa maonyesho ni askari aliyepotea. Hoja hii ina uzito na sitaki kuipuuza. Jibu lake limo katika namna kikosi kinavyoundwa. Vikosi vitano vya askari wa miguu wa gadi ya mfalme wa Uingereza, ambavyo watalii huvipiga picha na kofia zao ndefu, ni askari wa vita kamili waliopelekwa hadi Afghanistan, na askari hupokezana kati ya kazi ya sherehe na kazi ya vita. Hivyo ndivyo ningependa iwe kwetu: askari achaguliwe kutoka vikosi vya nchi kavu, anga na majini, wanaume kwa wanawake, Bara na Zanzibar, akae kwenye lindo la heshima kwa muda uliopangwa, tuseme miaka miwili, kisha arudi kikosini kwake na alama ndogo ya kuvaa kifuani inayoonyesha kwamba aliwahi kuwalinda mashujaa. Askari wa namna hiyo hatakuwa amepotea. Kila aliyepitia kwata anajua kwamba kusimama saa nzima bila kutikisika ni kazi ngumu kuliko kukimbia kilomita kumi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na naileta mwenyewe kabla ya kuletewa. Bara letu linajua kilichotokea pale kikosi cha gadi kilipotengwa na jeshi lingine na kuwekwa karibu mno na mtawala. Desemba 1960 Kebur Zabagna, kikosi cha kumlinda Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia, kikosi hichohicho kilichopeleka askari mashuhuri katika vita vya Korea, kilijaribu kumpindua mfalme wake akiwa ziarani Brazil. Na sisi wenyewe hatuna haja ya kwenda mbali, kwa kuwa Jeshi la Wananchi lilizaliwa Septemba 1, 1964 baada ya maasi ya Januari mwaka huo katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Kwa sababu hiyo naomba kikosi hiki kisiwe cha Ikulu, kisiwe na bajeti ya siri wala malipo ya kuwafanya wenzao waone wivu, kiwe chini ya Mkuu wa Majeshi kama kombania nyingine yoyote, na lindo lake liwe kwa waliokufa. Ulinzi wa viongozi walio hai una vyombo vyake na uendelee navyo.

Kisha kuna suala la kuwatunza watakaofanya kazi hii. Kikosi cha sherehe kina hatari ya kuangaliwa mbele tu, kwenye vishikizo vinavyong'aa, na kusahauliwa kule nyuma kwenye mabweni na mazizi. Hata Arlington yalitokea. Mwaka 2022 farasi wawili wanaovuta majeneza walikufa ndani ya siku chache, uchunguzi ukaonyesha kwamba farasi wa kikosi hicho walikuwa wakilishwa na kutunzwa vibaya, na mwaka uliofuata jeshi likasimamisha mazishi ya jeneza kuvutwa na farasi hadi 2025. London nako, Juni 2023, askari kadhaa walianguka kwa joto wakifanya mazoezi ya gwaride la mfalme, katika siku ambayo kwetu Dodoma ingeonekana ya kawaida. Wetu wapangiwe zamu fupi jua linapokuwa kali, maji yawe karibu, na mkuu wao wa zamu awe amefundishwa kumtambua kijana anayeishiwa nguvu kabla hajaanguka. Anayesimama hujua mbinu zake: kutokaza magoti, kuchezesha vidole ndani ya buti ili damu itembee, kuweka uzito mbele ya unyayo badala ya kisigino. Baba alinifundisha hayo nikiwa mtoto, tukiwa tumesimama kwenye foleni ya dawa zahanati, na nilidhani ananichekesha hadi nilipokuwa mkubwa na kuona vijana wanaanguka uwanjani.

Kuhusu mahali pa kuanzia, ningependekeza Mnara wa Mashujaa jijini Dodoma, kwa kuwa ndiko makao makuu ya nchi yalipo na ndiko wageni na wanafunzi wanakokwenda. Lindo liwepo kila siku kuanzia alfajiri hadi machweo, na Jumamosi moja kila mwezi makabidhiano yafanyike mbele ya wananchi, bendi ikiwepo, kwa amri za Kiswahili kama ilivyo desturi yetu. Bila shaka wapo watakaotaka kuongeza kwata ya kimyakimya ambayo watu huishangilia sana katika sherehe za Uhuru. Mimi ningeiacha hukohuko kwenye sherehe, maana ustadi wa kurusha bunduki na kuidaka huomba makofi, na makofi hayapatani na makaburi.

Baada ya Dodoma iwe zamu ya Kaboya, wilayani Muleba, walikolala wenzake baba, na Naliendele, Mtwara, walikozikwa askari wetu waliokufa katika mapambano ya kuikomboa Msumbiji. Nafahamu kwamba makaburi ya Kaboya yako mikononi mwa jeshi lenyewe na yanatunzwa. Hata hivyo kulinda eneo ni kazi moja, na kusimama lindo la heshima ni nyingine. Mama aliyetoka Lindi au Shinyanga kwa mabasi matatu kwenda kuliona kaburi la mumewe Kaboya anastahili kumkuta askari kijana amesimama hapo kwa ajili ya mumewe, siku ya Jumanne ya kawaida, bila kamera wala mgeni rasmi. Na wanaokwenda kuwazuru walinda amani wetu waliouawa Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, Desemba 2017, ambao makaburi yao yametawanyika vijijini kwao, wajue kwamba ipo ratiba ya askari kufika huko walau mara moja kwa mwaka.

Tusisahau kwamba kwenye mzunguko wa katikati ya Dar es Salaam, tangu mwaka 1927, yupo askari wa shaba aliyeinama na bunduki yenye singe, akielekea bandarini. Mkoloni ndiye aliyemsimamisha, kwa heshima ya Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika vita ambavyo havikuwa vyao. Daladala, bajaji na wachuuzi wamemzunguka kwa karibu miaka 100. Nikipita hapo huwa najiuliza kwa nini askari wa shaba wa vita vya wengine ndiye pekee asiyeondoka lindoni katika nchi yetu, ilhali vita vyetu wenyewe, tulivyovipigana kwa hiari na kwa haki, havina hata mlinzi mmoja aliye hai mbele ya mnara wake.

Hatua ya kwanza kabisa haihitaji kombania wala sare mpya, nayo naiomba ifanyike hata kabla mengine hayajajadiliwa. Itangazwe namba moja ya simu, ibandikwe kwenye mlango wa kila ofisi ya kijiji na mtaa, ambayo familia itapiga pale askari aliyepigana vita anapofariki. Upande wa pili awepo ofisa mwenye orodha, atakayeuliza jina, namba ya jeshi na kijiji, kisha aseme ni kambi ipi iliyo karibu na nani atakuja. Hata akija askari mmoja na bendera iliyokunjwa kwenye begi, atakuwa amefika.

Yule mzee aliyempigia baba saluti bado yu hai. Nilimtembelea mwezi uliopita kumpelekea sukari na kumshukuru, tukakaa barazani kwake, naye akanionyesha medali ile, sasa ameihifadhi ndani ya kopo la majani ya chai lenye mfuniko ili isishike kutu. Aliniuliza, kwa utaratibu na bila malalamiko yoyote, kwamba kwa kuwa mimi nimesoma, nimtafutie jibu: siku yake ikifika, watoto wake wapeleke taarifa wapi. Nilimwahidi kwamba nitauliza, na ndiyo maana nimewaandikia.

Wenu katika kuijenga nchi,

Mtoto wa askari wa Kagera,
Njombe.